SOMA KIBAO KWANZA: DRILI YA ZAMANI NA KAZI MPYA YA MSASA

Mazungumzo haya yalisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili wanafunzi wayasome tena pamoja na mwalimu wao. Weka daftari na kalamu karibu, maana kuna hesabu kidogo.

  Leo tutazungumza habari za chombo ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona, nacho ni drili, yaani keekee ya umeme. Hatutasema habari za drili mpya ya dukani. Tutasema habari za ile iliyozeeka, inayolala chini ya meza ya seremala kwa sababu mwenyewe amenunua nyingine ya betri. Tutaipa kazi nyingine. Badala ya kutoboa mbao, itasugua mbao kwa msasa.

Tena tutajifunza jambo lililo kubwa kuliko hilo. Mtu ajuaye kusoma anaweza kuibadili kazi ya mashine na vidole vyake vyote kumi vikabaki salama. Asiyesoma hubahatisha, na mashine haina huruma kwa mwenye kubahatisha.

KWA NINI DRILI HUACHWA?

Mara nyingi uzee wa drili huanzia mdomoni. Mdomo ni pale mbele, penye meno matatu yanayobana uti wa kutobolea. Meno yakichakaa, uti mwembamba wa milimita 3 au 4 huteleza, wala hauzunguki. Fundi hawezi tena kutoboa tundu dogo la skrubu. Lakini meno yaleyale huenda bado yakabana barabara chuma kinene cha milimita 8 au 10, na mota iliyo ndani huenda bado ni nzima. Basi chombo hiki hakijafa. Kimeshindwa kazi moja tu.

Kukipa chombo kazi zaidi ya moja si jambo geni. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walitoboa mbao kwa keekee ya uta. Mkono ulisukuma na kuvuta uta, na kamba ya uta ikazungusha mti wenye ncha ya chuma. Drili ya umeme ya kuchukuliwa mkononi ilitengenezwa na kampuni ya Fein, mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1895. Mwaka 1917 kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilipata hataza ya drili yenye mpini kama wa bastola, inayowashwa kwa kidole. Katika miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya Ulaya na Marekani viliuza drili pamoja na vifaa vya kuongezea, ili drili hiyohiyo isugue msasa au ikereze miguu midogo ya meza. Kwa hiyo fundi anayeipa drili yake kazi ya msasa anafuata njia iliyokwisha kupitwa na wengine.

Kazi hiyo ina faida gani? Fikiri juu ya seremala anayetengeneza mbuzi za kukunia nazi, vigoda, au vibao vya kukatia mboga. Kila kimoja kina pembe za kuviringisha. Kichwa cha ubao, pale ulipokatwa na msumeno kukatisha nyuzi zake, ni kigumu sana kukilainisha kwa mkono. Kwa diski ya msasa inayozunguka, pembe moja huchukua muda mfupi, na pembe zote nne hufanana.

KIBAO KINASEMA NINI?

Geuza drili yako utazame ubavuni. Utaona kibao kidogo kilichoandikwa herufi na tarakimu. Watu wengi hukipita bila kukitazama. Sisi tutakisoma. Tuseme kimeandikwa hivi:

230 V    50 Hz    500 W    2800/min

Herufi V ni volti. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na Kenya ni volti 240. Drili iliyoandikwa 230 V, au 220–240 V, yafaa. Iliyoandikwa 110 V au 120 V isichomekwe ukutani kamwe, maana itaungua.

Herufi Hz ni hezi. Zinaonyesha umeme huenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50.

Herufi W ni wati, yaani nguvu ambayo mashine hula. Wati 500 zatosha kwa diski ndogo ya msasa.

Tarakimu ya mwisho ndiyo tutakayoishika sana leo. 2800/min maana yake ni mizunguko 2,800 kwa dakika moja, mashine ikiwa haina mzigo. Vibao vingine huandika min-1, vingine RPM. Maana ni ileile.

Tazama pia kama kuna alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Alama hiyo yasema kwamba mashine ina kinga mbili za kuzuia umeme usifike mkononi, wala haihitaji waya wa ardhi. Kama alama hiyo haipo, hapana budi waya wa ardhi ufike kwenye plagi. Usiukate.

HESABU YA MWENDO

Sasa shika kalamu. Tutafunga diski ya upana wa milimita 125, yaani sentimita 12 na nusu. Ukitaka kujua urefu wa ukingo wa duara, zidisha upana wake kwa 3.14. Hapa tunapata karibu sentimita 39. Kila diski inapozunguka mara moja, ukingo wake husafiri sentimita 39.

Drili huzunguka mara 2,800 kwa dakika. Basi 39 mara 2,800 ni sentimita 109,200. Hizo ni mita 1,092. Kwa saa moja, zidisha kwa 60. Utapata mita 65,520, yaani zaidi ya kilomita 65. Ukingo wa diski yako unakwenda kama gari liendalo kilomita 65 kwa saa. Huo ni mwendo unaofaa kwa msasa. Huo pia ni mwendo wa kuchuna ngozi ya kidole kabla mwenye kidole hajasema "Ah!"

Sasa tufanye hesabu ya mashine nyingine. Grenda ndogo ya mkononi, ile ya kukatia na kusagia chuma, mara nyingi imeandikwa mizunguko 11,000 kwa dakika. Ukifunga diski ileile kwenye grenda, 39 mara 11,000 ni sentimita 429,000, yaani mita 4,290 kwa dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya kilomita 257.

Tena si mwendo tu unaoongezeka. Kitu kinachozunguka hutaka kujitawanya, kama tope linavyoruka kutoka kwenye gurudumu la baiskeli. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya kutawanya huongezeka mara 4. Mwendo ukiongezeka mara 4, nguvu hiyo huongezeka mara 16. Grenda yetu ina mwendo karibu mara 4 ya ule wa drili. Basi diski ya mbao iliyotulia kwenye drili inaweza kupasuka vipande kwenye grenda, na vipande hivyo humwendea yeyote aliye mbele yake.

Hapa ndipo tunapopata kanuni ya kwanza. Diski ya dukani nayo imeandikwa tarakimu: mizunguko ambayo haifai kuizidi. Weka tarakimu ya diski kando ya tarakimu ya mashine. Tarakimu ya diski ikiwa kubwa, au zikiwa sawa, mwendo hauna ubaya. Tarakimu ya diski ikiwa ndogo, usifunge. Diski uliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao haina tarakimu yoyote. Hiyo ni ya drili ya mwendo mdogo tu. Isiguse grenda.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwanza chomoa drili kwenye umeme. Kazi yote ya kufunga na kufungua hufanywa plagi ikiwa nje.

Chukua plaiwudi nzuri ya unene wa milimita 18, isiyo na ufa. Chora duara kwa bikari, upana milimita 125, ulikate. Toboa tundu katikati kabisa, uingize bolti ya milimita 10. Kichwa cha bolti kikae upande wa mbele, kizame ndani ya mbao, kisije kikainua msasa. Nyuma tia washa pana, kisha nati mbili. Kaza ya kwanza, halafu ya pili uibane juu ya ya kwanza. Kwa nini mbili? Kwa sababu mbao ikisukumwa kwenye diski, diski hutaka kubaki nyuma, na kubaki huko huifungua nati taratibu. Nati mbili zilizobanana hazifunguki kwa urahisi. Mwili wa bolti uliobaki ndio utakaobanwa na mdomo wa drili.

Sasa gundisha msasa mbele ya diski kwa gundi ya viatu, uache ikauke vizuri. Nyuma ya msasa kuna namba. Namba ndogo ina chembe kubwa, na namba kubwa ina chembe ndogo. Namba 80 huondoa mbao upesi. Namba 120 hulainisha. Namba 240 hupiga mwisho, nayo ni afadhali uitumie kwa mkono.

Baada ya hayo, drili yapasa kufungwa juu ya meza isitikisike. Shingo ya drili, nyuma kidogo ya mdomo, ni ya mviringo. Drili nyingi za siku hizi zina shingo ya upana wa milimita 43, lakini pima yako. Zungusha uzi shingoni, upime uzi huo, ugawe kwa 3.14. Uzi ukiwa milimita 135, jibu ni 43. Toboa tundu la upana huo katika kipande cha mbao ngumu chenye unene wa milimita 40. Pasua kwa msumeno kutoka juu hadi tunduni, kisha pitisha bolti ya kubana ufa huo. Kipande hiki ukifunge kwa skrubu juu ya ubao mpana, na ubao huo juu ya meza. Mpini wa nyuma nao ufungwe, ili mwili wa drili usizunguke. Usizibe matundu ya hewa, maana ndiyo pua ya mota.

Kama drili yako ina kazi ya kugonga ukuta, ondoa kiteuzi kwenye alama ya nyundo, ukiweke kwenye alama ya uti. Kama ina mwendo wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma, weka wa mbele.

Mwisho tengeneza kimeza kidogo mbele ya diski, cha kulazia mbao. Kiwe chini kidogo ya kitovu cha diski. Nafasi kati ya kimeza na diski isizidi milimita 2, maana nafasi pana humeza vipande vidogo, na vidole pia. Tumia guniya kupima kwamba kimeza na diski vinafanya pembe mraba.

Kabla ya kuchomeka, zungusha diski kwa mkono huku umeshikilia penseli karibu na ukingo. Penseli ikigusa upande mmoja tu, punguza upande huo kwa tupa hadi duara liwe sawa. Kisha simama ubavuni, si mbele, uwashe kwa dakika moja. Ikitetemeka, zima na utafute sababu.

UPANDE WA KUSHOTO

Sasa sikiliza vizuri. Drili ikienda mbele, ukiitazama kutoka nyuma, huzunguka kama mishale ya saa. Lakini wewe utasimama mbele ya diski, ukiitazama usoni. Kutoka hapo utaiona ikizunguka kinyume cha saa. Upande wa kushoto kwako unashuka, na upande wa kulia unapanda.

Basi weka mbao upande wa kushoto daima. Hapo diski inasukuma mbao chini, ikae juu ya kimeza. Ukiiweka kulia, diski itainyanyua na kuirusha. Ni vizuri kuufunika upande wa kulia kwa kibao, ili mkono usisahau.

Sukuma kwa wepesi, uisogeze mbao kati ya kitovu na ukingo. Kwenye kitovu diski haina mwendo, hivyo haisugui. Ukingoni mwendo ni mkubwa, na ukikaa mahali pamoja mbao itaungua, ikawa nyeusi. Sauti ya mota ikishuka, unasukuma kupita kiasi. Fanya kazi dakika chache, kisha iache ipoe. Ukiona cheche nyingi nyuma ya mota, tazama kaboni zake, yaani vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme ndani. Zikiisha hubadilishwa zote mbili pamoja.

Drili nyingi zina kitufe cha kufungia kiwashio, ili kidole kipumzike. Hapa kwetu umeme hukatika, kisha hurudi bila kubisha hodi. Kama kitufe kimefungwa, mashine itaanza yenyewe huku mkono wako uko juu ya diski. Kwa hiyo umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuzima na kuchomoa. Tia pia swichi karibu na mkono wako, ili uweze kuzima mara moja.

KAZI AMBAYO HAIFAI

Wako mafundi wanaofunga diski ya msumeno wa mbao kwenye grenda, wapate kupasua mbao upesi. Wengine hutaka kuifunga kwenye drili. Usifanye hivyo.

Msasa husugua, lakini jino la msumeno hushika. Jino likishika fundo la mti, mbao haisogei, basi mashine ndiyo inayoruka. Msumeno wa umeme uliotengenezwa kwa mbao una sahani pana ya kukaa juu ya ubao, na kinga inayofunika meno yenyewe baada ya kukata. Grenda haina sahani hiyo. Kinga yake ilipimwa kwa jiwe la kusagia chuma, na wengi huiondoa ili meno yapate nafasi. Hata kama tarakimu za kibao zingekubaliana, kazi yenyewe haikubaliani na mashine.

Hii ndiyo kanuni ya pili. Usiulize tu kama kitu kinaingia mdomoni mwa mashine. Uliza mashine ina mwendo gani, inasukuma upande gani, na kinga yake iko wapi. Ukipata majibu matatu mazuri, endelea. Moja likikosekana, acha. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Msumeno wa kununua ni ghali, lakini bei yake yajulikana. Bei ya mkono wa kulia wa seremala hakuna aijuaye, wala watoto wake hawawezi kuilipa.

VUMBI NA MAVAZI

Vumbi la msasa ni jepesi, na macho hayalioni lote. Vumbi la mvule na la mninga huwasha macho, pua na kifua cha watu wengine. Zaidi ya hayo, mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha uamuzi wake kwamba vumbi la mbao huweza kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Vaa barakoa ya vumbi na miwani ya kinga. Fanya kazi penye upepo, si chumbani wanamolala watoto. Vumbi lifagiliwe kila siku, baada ya kulinyunyizia maji kidogo, lisiruke. Chomoa mashine kwanza, na maji yasiifikie.

Usivae glavu mbele ya diski, maana hunaswa na kuvuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati ikunjwe. Kanga na leso zifungwe imara, na nywele ndefu zifunikwe.

Mabibi na mabwana, somo letu limekwisha. Kesho, kila mmoja wenu atafute kibao cha mashine moja: drili, pasi, redio, au pampu ya maji. Anakili herufi na tarakimu zake katika daftari, aje nalo darasani. Kwaherini.

MANENO YA SOMO

Kibao: maandishi ya kiwanda yaliyo juu ya mashine.
Kitovu: katikati kabisa ya duara.
Kinga: kifuniko kinachozuia mwili usiguse panapokata.
Guniya: kipimo cha seremala cha pembe mraba.

MASWALI YA DARASA

1. Mashine imeandikwa 3000/min. Diski imeandikwa 2500/min. Je, zinafaa pamoja? Kwa nini?
2. Uzi uliozungushwa shingoni mwa drili una urefu wa milimita 119. Shingo hiyo ina upana gani?
3. Kwa nini mbao huwekwa upande wa kushoto wa diski?
4. Umeme umekatika ukiwa kazini. Utafanya nini kwanza?
5. Jirani yako amefunga diski ya msumeno kwenye grenda. Zungumzeni darasani jinsi ya kumwonya kwa heshima, akasikia.